Mwendo wa Abdisalam

Sauti huibwa, uso huzeeka, lakini mwendo mtu huzikwa nao. Hayo aliyasema Ayeeyo Rukiyo siku ile kaseti ilipofika Habaswein, na tangu hapo hakutokea mtu wa kumsogeza hata hatua moja kutoka kwenye neno lake.

Kaseti yenyewe ilitoka Uholanzi. Ilipita mikononi mwa wasafiri wanne kabla ya kumfikia bibi kizee huyo, maana hivyo ndivyo jamaa walivyoandikiana siku hizo: mtu anasema kwenye kaseti, anamkabidhi anayesafiri, naye anayepokea anageuza upande wa pili na kujibu. Ndani yake mwanamume alisema kwamba yeye ni Abdisalam, mwana wa Rukiyo, yule aliyeondoka mwaka wa tisini kwenda kutafuta kazi Uarabuni, akapotea kama jiwe lililotupwa kisimani. Aliwasalimu ndugu mmoja mmoja. Aliwaulizia ngamia kwa majina yao. Kisha akauliza, "Na Kinsi wangu, amekuwa mrefu?"

Watu waliojaa nyumbani walilia. Rukiyo hakulia. Alisikiliza mpaka kaseti ikaisha, akaitoa kwenye redio na kuishika kiganjani.

"Sauti ni ya mwanangu," alisema. "Lakini hata ile iliyosema na Kulow ilikuwa ya mwanawe."

Hapo vilio vilikatika. Kisa cha Kulow kilijulikana na kila mtu. Jirani huyo aliwahi kuitwa kwenye redio ile ya kuzungumza na watu wa mbali, akasikia sauti ya mwanawe aliyepotea vitani, akachinja, akagawa nyama, akamtoa ngamia jike mwenye mimba kumpa mtu wa kwenda kumleta kijana. Kijana hakuja. Mtu hakurudi. Kulow naye hakuwa tena Kulow.

"Kama ni Abdisalam," Rukiyo alisema kwenye upande wa pili wa kaseti, akiisogelea redio kana kwamba anamkemea aliyemo ndani, "basi nimwone anatembea. Sitaki uso, sitaki salamu. Nataka miguu."

Maana Abdisalam alipokuwa na miaka saba alianguka kisimani akavunjika mguu wa kushoto, na tangu apone aliutupa mguu huo nje kidogo kila alipopiga hatua, kama mtu anayekwepa mwiba ambao yeye peke yake anauona.

Kila mmoja alirekodi salamu zake siku hiyo. Zamu ya Kinsi, binti wa Abdisalam, ilipofika, alikohoa mara moja, akakimbilia nje. Ndivyo alivyokuwa. Baba yake aliondoka yeye akiwa na miaka tisa. Shule aliiacha darasa la tano, akaenda malishoni na ayeeyo, yaani bibi yake, kuchunga ngamia wa baba, na ngamia hawamlazimishi mtu kusema. Alipokuja Garissa kufanya kazi kwenye duka la Hinda, alikuwa na miaka kumi na saba na maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kikombe kimoja cha chai.

*

Mwaka mzima ulipita. Halafu mwezi wa nne mwaka wa tisini na tisa, msafiri kutoka Nairobi alileta bahasha Garissa, na ndani yake mlikuwa na kisahani kinachong'aa, cha sinema. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: *Kwa mama. Natembea.*

Kumbi za video zilikuwepo mjini Garissa, lakini mashine zao zilikuwa za kanda. Kisahani kile hakikuwa na mdomo wa kukimeza. Ila dukani kwa Hinda, penye mashine ya kutoa nakala, simu ya kulipia na kompyuta moja yenye rangi ya meno ya mvuta sigara, palikuwa na Mustafe, ndugu yake mdogo Hinda. Huyo alisomea ufundi Nairobi, akarudi na miwani.

Kinsi alimsogezea kisahani juu ya meza pamoja na chai, akasema kwa sauti ndogo, "Ni baba yangu. Labda."

Mustafe alikitia kwenye kompyuta. Ilinguruma, ikatoa picha moja ya bustani, ikapumzika. Ikatoa nyingine, ikapumzika. Sauti ilikuwa imeshafika mwisho wa sentensi, picha bado iko kwenye bismillahi.

"Imezidiwa," Mustafe alisema. "Sikiliza, nikueleze."

Mustafe alipenda kueleza, na Kinsi alikuwa msikilizaji asiyemkatiza mtu. Alimwambia kwamba sinema ya dakika kumi ni picha elfu kumi na tano, na haziwezi kuenea kwenye kisahani kile zikiwa nzima. Kwa hiyo hukunjwa. Moja inawekwa nzima. Zinazofuata haziwekwi nzima, yanaandikwa mabadiliko tu: mkono umepanda, mguu umesogea, ukuta uko palepale. "Na kuna nyingine za katikati," alisema. "Hizo ni ombaomba kabisa. Zinaazima kwa iliyotangulia, na zinaazima kwa inayokuja nyuma yao. Sasa kompyuta hii ni ya zamani. Kazi ya kukunjua yote hayo mara ishirini na tano kwa sekunde inaivunja mgongo."

Kinsi aliitikia kwa kichwa. Hakuona ajabu. Hata yeye malishoni hakuwahi kuhesabu kundi. Mifugo haihesabiwi kwa sauti, maana kuhesabu ni kuita jicho baya. Mchungaji hulitazama kundi zima mara moja asubuhi. Baada ya hapo anatazama kilichobadilika tu.

"Lakini kuna hii," Mustafe alisema, akachomoa kitu chini ya mlango.

Ilikuwa kadi ya kijani yenye ukubwa wa kiganja, na katikati yake kijumba cheusi chenye miguu mingi kama jongoo. Hinda aliinunua Nairobi kwa kudhani itaongeza rangi kwenye kompyuta. Kumbe kazi ya kijumba kile ilikuwa moja tu: kukunjua sinema, ili kompyuta yenyewe ipumzike. Diski iliyokuja nayo, yenye programu ya kuiamsha, ilikunjamana kwa joto ndani ya basi hata kabla ya kufika mtoni Tana.

"Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiweka mlangoni kuuzuia upepo," Hinda alisema kutoka upande wa simu. "Kadi ya maana sana. Mlango wangu haupigi tena."

Mustafe alitoa kijitabu chembamba kwenye droo. "Kampuni nyingi huficha siri za kadi zao. Zinakuuzia kisima kilichofungwa kwa kufuli, na kamba ni yao. Waliotengeneza hii waliandika kila kitu: kina chake, maji yake yako wapi, kamba ya urefu gani. Hawakukupa mtu wa kuteka, basi. Utateka mwenyewe."

"Na wewe unajua kuteka?" Hinda aliuliza.

"Nitajua."

Akaondoa mfumo uliokuwa kwenye kompyuta, akaweka mwingine uitwao Linux, uliokuja bure na gazeti la kompyuta, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua na kuongeza wake. Siku sita alikaa akisoma kijitabu na kuandika programu ya kuiamsha kadi. Kinsi alimletea chai, akampangusia vumbi mashine, akaona yote. Hinda alipita akicheka: "Mwanamume mzima anakibembeleza kibati kama mama aliyejifungua jana!"

Kinsi hakucheka. Kulikuwa na jambo ambalo Mustafe hakulijua bado. Mahat, mdogo wake Abdisalam, alikuwa ametuma habari kutoka Habaswein: wazee wamechoka kungoja. Miaka tisa imetosha. Ijumaa baada ya sala wangemsalia Abdisalam sala ya maiti aliye mbali, na ngamia wake wangegawanywa. Jambo moja tu lingeweza kuzuia hayo, nalo ni neno la mama mzazi, kwa kuwa wazee hawabishani na aliyezaa. Mahat angemleta Rukiyo Garissa Jumatano akitazame hicho kisahani. Alhamisi asubuhi lori lingewarudisha.

Siku hiyo ya Ijumaa Kinsi angeitwa yatima. Alilizungusha neno hilo mdomoni mwake kila usiku na halikulainika.

*

Jumatano saa tatu asubuhi Mustafe alipiga kelele, "Imeamka!"

Picha zilikuja mfululizo. Hazikupumzika hata kidogo. Hinda aliacha mteja kwenye simu akaja kutazama. Lakini furaha ilikaa muda wa kumeza mate tu. Mwanamume aliyekuwa kwenye kioo cha kompyuta, mwenye koti zito na ndevu, alianza kutembea kando ya ua wa mbao, na mwendo wake ulikuwa wa kutisha. Aliruka mbele, akavutwa nyuma, akasogea, akaruka tena, akavutwa tena. Alitetemeka mwili mzima kama ndege aliyenaswa.

"Ni joto," Mustafe alisema, akaelekeza feni kwenye kadi. Akafunika mgongo wa kompyuta kwa kitambaa kibichi. Mwanamume aliendelea kutetemeka.

Kabla hajajaribu lingine, kivuli kiliziba mlango. Mahat aliingia akiwa amemshika mama yake mkono. Rukiyo alikuwa mdogo wa umbo, kavu, mnyoofu kama mti wa hema. Alimbusu Kinsi mkono, Kinsi akambusu wake, kisha akaketi mbele ya kompyuta bila kuuliza ni kitu gani.

"Bado kidogo, ayeeyo," Mustafe alisema. "Labda jioni."

"Mimi nimetoka Habaswein juu ya magunia. Fungua."

Alifungua. Rukiyo alitazama. Hakutazama ndevu wala koti. Macho yake yalishuka moja kwa moja miguuni, na hapo yakabaki. Kinsi alimtazama bibi yake badala ya kioo, na aliona jinsi vidole vyake vilivyokaza juu ya fimbo, vikalegea.

"Zima," Rukiyo alisema.

"Mama, ni mashine inayofanya hivyo," Mahat alisema.

"Basi hiyo mashine ndiyo inayotembea. Mimi niliomba mwanangu." Aliinuka. "Mwanangu alianguka kisimani, hakuanguka kichaa. Huyu anakwenda hatua na kurudi hatua. Kama si jini, ni mtu waliyemfunga kamba kiunoni." Akamgeukia Kinsi, na sauti yake ikashuka. "Usilie. Mimi nimeshalia, nimemaliza. Kesho tunarudi."

Wakatoka kwenda kulala kwa jamaa. Mahat alibaki mlangoni nusu dakika. "Kinsi, adeer," alisema, akimwita kwa jina ambalo ami na mtoto wa ndugu yake huitana kwa upole, "mimi sitaki ngamia wa kaka yangu. Nilitaka yeye. Lakini mtu hawezi kuishi nusu msibani." Akaenda.

Mustafe alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kadi ni mbovu," alisema. "Nitamwambia Hinda airudishe." Akaenda kusali adhuhuri.

*

Kinsi alibaki peke yake na mashine. Alikuwa amemwona Mustafe akifanya hivi mara nyingi: kitufe kirefu kile cha chini kilisimamisha sinema, na kila ukikibonyeza tena picha moja ilisogea. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, kama mtu atakayefukuzwa, akabonyeza.

Kwa nini alifanya hivyo hakujua vizuri. Alitaka kumtazama mtu huyo polepole, kabla hajawa marehemu.

Nyuma ya mwanamume palikuwa na ua wa mbao nyembamba zilizosimama wima, zikifuatana. Kinsi alitazama goti la kushoto. Kwenye picha ya kwanza goti lilikuwa kwenye mbao ya kwanza. Akabonyeza: mbao ya nne. Akabonyeza: mbao ya pili. Akabonyeza: ya tatu. Akabonyeza: ya saba. Kisha ya tano. Kisha ya sita.

Aliacha kubonyeza.

Juu ya meza palikuwa na kibakuli cha kokwa za tende alizoacha Mustafe. Alizipanga juu ya meza jinsi picha zilivyotokea, kokwa moja kwa kila picha: moja, nne, mbili, tatu, saba, tano, sita. Akabonyeza zaidi: kumi, nane, tisa. Hakuna iliyokosekana. Hakuna iliyoharibika. Mtu mgonjwa hatetemeki kwa utaratibu hivyo. Alimkumbuka Nunow.

Nunow siku hizi alikuwa dereva wa lori, lakini ujanani mwake aliwahi kuajiriwa na Rukiyo msimu mmoja kuchunga, naye alikuwa mtoto wa mjini. Ngamia hufika kisimani kwa mstari wao: mbele kiongozi mwenye kengele, nyuma kabisa jike mzee, mama wa wengi. Lakini hawanywi kwa mstari huo. Rukiyo alimnywesha kiongozi, kisha akamwita jike mzee apite wote aje anywe wa pili. Ndipo vijana wa katikati walipotulia, wakanywa, jicho moja kwa aliye mbele yao na jicho moja kwa aliye nyuma. Wakishiba, aliwarudisha kila mmoja mahali pake njiani. Nunow hakujua hilo la mwisho. Siku yake ya kwanza aliwaondoa kisimani kwa mpango waliokunywa, na kundi likakanyagana: jike mzee anakimbia mbele, vijana wanarudi nyuma, kiongozi anazunguka, vumbi hadi mbinguni. Nunow aliapa kwamba ngamia wale wamerogwa.

Mustafe aliporudi alimkuta ameinama juu ya kokwa. Kinsi alinyoosha mkono kuzifagia.

"Ngoja. Ni nini hizo?"

Kinsi alitazama mlango, ulikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Kisha akaliona lile neno, yatima, likimngoja Habaswein. Akasema, akiziambia kokwa wala si Mustafe:

"Ngamia hunywa kwa mpango mmoja, hutembea kwa mwingine."

"Nini?"

"Ulisema zile za katikati zinaazima kwa ya mbele na kwa ya nyuma."

"Ndiyo."

"Basi ya nyuma lazima inywe kwanza. Imepita wenzake imekuja kunywa." Alisogeza kokwa ya nne. "Wewe ukaiondoa kisimani hapohapo. Haikuwa zamu yake njiani. Ilitakiwa isimame pembeni, hawa wawili wapite, ndipo nayo ifuate." Akazisogeza moja moja kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. "Kadi si mbovu. Unawatembeza jinsi walivyokunywa."

Mustafe alitazama kokwa. Alitazama kioo. Alikaa chini kama mtu aliyevutwa kiti.

"Lakini kadi yenyewe ndiyo inazipanga," alisema taratibu. "Lazima iwe inazipanga yenyewe." Hata hivyo mkono wake ulishakichukua kijitabu, na alikuwa akifunua kwa haraka, mpaka kurasa za nyuma alizoziruka kwa kuwa zilikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Ukurasa wa sitini na moja aliganda. Kadi ilikuwa na droo tatu za kuwekea picha zilizokunjuliwa, kijitabu kilisema, na ni kazi ya programu kuiambia ni droo ipi ionyeshwe, na lini.

"Iliandikwa," alisema. "Wallahi, iliandikwa, na mimi nimepita juu yake kama mtu anayepita kaburi." Akamtazama Kinsi. "Umesoma mpaka wapi wewe?"

"Darasa la tano."

"Na mimi miaka mitatu ya chuo!"

"Ndiyo maana," Hinda alisema kutoka upande wa simu. "Ungechunga hata mbuzi wawili, leo ungekuwa mhandisi."

Kazi ilikuwa ya mistari michache. Mustafe alikuwa amefika nusu yake umeme ulipokatika, na siku hiyo haukurudi.

*

Alhamisi umeme ulirudi saa moja na nusu. Lori lilikuwa liondoke saa mbili.

Mustafe aliandika huku jasho likidondoka kwenye vitufe. Saa mbili kasoro dakika kumi aliinua mikono kutoka mezani, akabonyeza, na mwanamume mwenye ndevu akatembea kando ya ua. Alitembea tu, kama watu wanavyotembea. Kinsi hakungoja kuona zaidi. Alikusanya shuka lake akatoka mbio.

Kituo cha malori kilikuwa na watu, punda, magunia ya sukari na makorongo waliojipanga juu ya mapaa kama wakaguzi. Lori lilikuwa limeshawashwa. Juu kabisa, kati ya magunia, Rukiyo alikaa na mgongo wake mnyoofu, akitazama upande wa Habaswein.

"Ayeeyo," Kinsi alisema.

Hata yeye mwenyewe hakujisikia. Injini ilikuwa inanguruma, mpiga debe anapayuka, na lori likatikisika likaanza kusogea. Kinsi alivuta pumzi mpaka tumboni. Kulikuwa na mlio mmoja aliowahi kuutoa kwa nguvu maishani mwake, ule wa kumrudisha kiongozi wa kundi anapopotea njia, nao ulisikika mpaka ng'ambo ya mbuga. Akautoa.

Kituo kizima kiligeuka. Nunow, aliyekuwa kwenye usukani, alikanyaga breki bila kujua kwa nini. Rukiyo aligeuza kichwa.

"Anatembea!" Kinsi alipiga kelele mbele ya watu wote wale. "Ayeeyo, shuka! Anatembea!"

"Msichana, lori halingoji sinema!" Nunow alifoka.

"Wewe Nunow," Rukiyo alisema kutoka juu, huku Mahat akimteremsha, "nilikungoja msimu mzima ujifunze kunywesha ngamia. Utaningoja robo saa."

Alimngoja. Zaidi ya hapo, aliwafuata dukani ili ahakikishe ni robo saa kweli.

Rukiyo aliketi palepale alipoketi jana. Mustafe alibonyeza. Mwanamume alitazama kamera, akasema salamu, na uso wake ulikuwa mnene, mweupe kwa baridi, uso wa mtu baki. Kinsi aliutafuta baba yake humo na hakumpata. Kisha mwanamume akageuka na kuanza kutembea kando ya ua kuelekea geti dogo, na mguu wa kushoto ukatoka nje kidogo, ukarudi. Ukatoka nje kidogo, ukarudi. Alikuwa akikwepa mwiba wake.

Hapo Kinsi akamkumbuka baba aliyemwita aabo. Alikumbuka mgongo, njia ya kisimani, vumbi, na yeye nyuma akikanyaga kila mahali ambapo mguu ule ulikanyaga, akiutupa wake nje vilevile kwa mchezo.

Rukiyo aliinuka akasogea hadi kwenye kioo. Aliweka kidole chini ya mguu ule na kwenda nao, mbao baada ya mbao, mpaka getini.

"Niliufunga mimi," alisema. "Siku arobaini. Alikuwa anataka kwenda kucheza." Kidole chake kilibaki pale getini. "Amenenepa. Mbona hajavaa kofia na baridi yote hiyo? Abdisalam! Kofia yako iko wapi?"

Mahat alicheka, akajifunika uso kwa kilemba chake, na mabega yake yaliendelea kutikisika hata baada ya kicheko kuisha. Nunow alikuwa amesahau saa.

"Rudisha mwanzo," Rukiyo aliamuru. Alitazama mara nne. Kisha akamwambia Mahat, "Kesho waambie wazee sala waliyoiandaa waiweke, watu hawakosi kufa. Ngamia wa Abdisalam wana mwenyewe. Na huyu," akamshika Kinsi kichwani, "ana baba."

Wakati abiria kituoni wanaipiga honi ya lori kwa mara ya tatu, Mustafe alikuwa akiandika kitu juu kabisa ya programu yake, mahali ambapo waandishi huacha maelezo kwa wengine. Angeituma Nairobi kwa jamaa zake wenye kadi kama ile, alisema, bure, kama Linux ulivyomjia yeye. Kinsi alisoma kwa kufuatisha kidole: *Picha hunywa kwa mpango mmoja, hutembea kwa mwingine. Amegundua Kinsi Abdisalam, Garissa.* Alitaka kumwambia afute. Hakumwambia.

"Na sasa nani atamjibu?" Rukiyo aliuliza akiwa mlangoni. "Mimi nimekwisha kusema naye, nimemgombeza."

Hinda alitafuta kwenye sanduku la kaseti, akatoa moja. "Hii ni nyimbo za harusi. Rekodi juu yake, harusi yenyewe imeshavunjika."

Aliitia kwenye redio, akaisukuma mbele ya Kinsi, akabonyeza vitufe viwili pamoja. Vigurudumu vikaanza kuzunguka. Wote walisogea, hata Nunow. Kinsi alikohoa mara moja. Alitazama mlango, ambao ulikuwa wazi na jua limejaa nje. Kisha akasogeza kiti karibu.

"Aabo," alisema. "Ni mimi. Nimekuwa mrefu."